Mlango Usio na Kitasa

Jua lilikuwa limeshafunga virago Fundi alipofika mlango wa nyuma wa hoteli kuchukua makopo yake ya rangi. Ndivyo alivyoagizwa: njoo magharibi. Fundi yeyote huchukua vifaa asubuhi, akavikagua kwenye mwanga. Mtu akikuita magharibi, unajiuliza. Na mama huyu alikuwa bingwa wa kujiuliza. Majirani walisema hata ukimpa salamu, huigeuza kwanza aone nyuma kumeandikwa nini.

Meneja alikuwa akimsubiri stoo. Hoteli ilikuwa haijafunguliwa bado. Vitanda vilikuwa ndani ya nailoni, na korido zilinuka gundi na zulia jipya. Juu ya meza palikuwa na makopo matatu na karatasi moja yenye nembo.

Fundi aliivutia karibu na taa. Duara la bluu iliyokoza, karibu nyeusi. Katikati ya duara, mlango mwekundu. Ukingoni mwa mlango, upande wa kulia, mstari mwembamba wa dhahabu kutoka juu hadi chini. Mlango ulikuwa umeachwa wazi kidogo, na dhahabu ile ndiyo taa ya ndani. Kazi nzuri, alikiri moyoni, ingawa kukiri hakukuwa kawaida yake.

"Kitasa kiko wapi?" aliuliza.

"Hakuna kitasa."

"Sasa mgeni anafungua vipi?"

Meneja alitabasamu kwa midomo tu. "Mgeni hafungui, mama. Anafunguliwa."

Kampuni ilikuwa na hoteli tatu katika miji mingine, na hii ilikuwa ya nne. Siku hizi nembo huchapishwa kwenye plastiki, unabandika, unakwenda zako. Hawa walitaka brashi na mkono wa mtu. Hilo nalo Fundi aliliweka kwenye orodha yake ya maswali.

"Bluu siku ya kwanza," meneja alisema. "Nyekundu siku ya pili. Dhahabu siku ya tatu, jua likizama, upana wa nusu kidole. Usizidishe." Akalisukuma kopo la kati. Lilikuwa limezungushiwa kitambaa, na yeye alilisukuma kwa kiwiko. Sauti yake ikashuka. "Na hii nyekundu... usiionje. Kopo, brashi, ukuta. Basi."

Hapo ndipo alipoharibu. Kuna mambo mawili huwezi kumkataza mchoraji wa mabango: kurudi nyuma hatua tano kuitazama kazi yake, na kuonja rangi. Kuonja ni kudondosha tone moja juu ya ukucha wa kidole gumba. Kwenye ukucha ndiko unakoona rangi itakavyokauka, na kama imechanganywa na maji ya ujanja. Baba yake Fundi, aliyemrithisha brashi, alikuwa akisema rangi usiyoionja ni mchumba usiyemwona. Mtu akikukataza kuonja, ana lake jambo.

"Imechakachuliwa hii," Fundi alijiambia njiani. "Ikibanduka mvua ya kwanza, jina litakaloharibika ni langu."

Siku ya kwanza alipaka bluu, juu ya lango kuu, ghorofa ya kwanza, kwenye ukuta wa zege usio na dirisha. Nyuma ya ukuta ule hapakuwa na chumba. Palikuwa na tangi la maji tu, alionyeshwa mwenyewe.

Siku ya pili akafungua kopo la nyekundu. Harufu ilimpanda puani. Haikuwa ya mafuta wala tapentaini. Ilikuwa harufu ya chumba kilichofungwa muda mrefu, mtu akiwa ndani.

Bintiye alikuwa chini, ameshika ngazi. Ndiye mtoto wake wa pekee, miaka kumi na sita. Marehemu baba yake alimwita Kasuku kwa sababu alianza kuongea kabla ya kutembea, na tangu hapo hakupumzika. Kila akitoka shule alimletea mama chakula, kisha akamsimulia shule nzima, walimu na wanafunzi, mpaka ngazi yenyewe ikachoka.

Fundi aliziangalia kucha zake. Zilikuwa na bluu ya jana, kijani cha juzi na nyeusi ya mwaka mzima. Huwezi kuonjea rangi juu ya uchafu. Akashuka.

"Lete kidole."

"Mama, si umesema umekatazwa?"

"Nimekatazwa mimi. Wewe umekatazwa na nani?"

Kasuku akacheka, akanyoosha kidole gumba. Tone likaanguka juu ya ukucha wake safi. Likatandaa lenyewe, pembe hadi pembe, bila kuguswa. Likakauka papo hapo.

"Mh," alisema Fundi. Haikuwa imechakachuliwa. Katika miaka ishirini ya kazi hakuwahi kuona nyekundu ya namna ile.

Akapanda akapaka mlango. Alipofika katikati, akasikia kitu ukutani.

Ko. Ko.

Mabomba, alijiambia. Hata hivyo alimaliza haraka kuliko kawaida yake, na hakurudi nyuma kuitazama kazi.

Jioni ile nyumbani ukucha ulikataa kusafishika. Walijaribu tapentaini, sabuni, msasa laini, hadi ngozi ikawa nyekundu kuliko rangi. Kasuku aliliona jambo la kuchekesha. Alikuwa katikati ya kumsema mwalimu wa hesabu aliponyamaza ghafla. Kunyamaza kwa Kasuku kulikuwa kama kuzimwa kwa redio, kila mtu hugeuka.

"Kuna mtu anabisha," alisema.

Fundi alifungua mlango. Hapakuwa na mtu. Akafungua wa nyuma. Hapakuwa na mtu.

"Si hapa," Kasuku alisema polepole. "Kwingine..."

Kisha akaendelea na mwalimu wa hesabu.

Siku ya tatu Fundi alipaka dhahabu. Alipima kwa futi, nusu kidole kamili. Jua lilizama akiwa kwenye mguso wa mwisho. Aliposhuka, Kasuku alimvuta mkono.

"Mama, yule bawabu kanijuaje?"

"Bawabu gani?"

"Wa hapo langoni. Kaniambia, 'Karibu nyumbani, Kasuku.'"

Damu ya Fundi ilichemka. Mtu mzima anajifunza jina la utani la binti wa watu, anataka nini? Alimfuata meneja hadi stoo, brashi mkononi, akamwambia kwamba yeye ni mjane, si mjinga, na kwamba bawabu wake akimsemesha tena mwanawe atapakwa rangi kichwa hadi miguu.

Meneja alimsikiliza hadi mwisho.

"Mama," alisema, "hoteli haijafunguliwa. Sijaajiri bawabu."

Kasuku alikuwa amesimama mlangoni nyuma ya mama yake, akijipepea kwa mkono. Macho ya meneja yalishuka taratibu hadi kwenye kidole gumba. Yakaganda hapo.

"Nilikwambia usiionje," alinong'ona. Akawapita akijibana ukutani ili asimguse msichana, akaenda zake akiacha stoo wazi.

Sasa Fundi aliogopa. Lakini yeye hofu yake ilipitia kwanza kwenye shaka. Kesho yake alimwacha Kasuku nyumbani, akarudi hotelini na futi yake, akapanda ngazi. Ule mstari wa dhahabu aliouacha nusu kidole ulikuwa sasa vidole viwili. Rangi nyekundu ilikuwa imesogea kushoto, safi, bila alama ya brashi. Hapo akamkumbuka mtu mmoja tu mjini aliyekuwa na mkono wa kufanya kazi safi hivyo, na aliyekuwa na sababu: Mzee Stensili, mchoraji aliyeichorea kampuni hii nembo ya hoteli yao ya pili, na safari hii wakamwacha. Kikulacho ki nguoni mwako. Alikwenda moja kwa moja hadi kwenye karakana yake, nyuma ya kiwanda cha uchapishaji, akiwa amepanga matusi kwa mpangilio.

"Shikamoo, mzee." Adabu kwanza.

"Marahaba." Mzee alikuwa akisafisha brashi. Alizungumza kabla Fundi hajafungua kinywa. "Umeonja."

Matusi yote yalimtoka kichwani.

Mzee alinyoosha mkono wake wa kushoto. Kidole gumba hakikuwa na ukucha. Palikuwa na ngozi laini tu, ya waridi.

"Niliung'oa kwa koleo," alisema. "Haikusaidia kitu. Wewe umeonjea wapi?"

"Kwa mwanangu."

Mzee alifumba macho. Brashi ilimdondoshea tapentaini kwenye viatu.

"Umebakiwa na ile nyekundu?"

"Robo kopo."

"Ufunge ule ufa wa dhahabu. Leo, jua likizama, kwa nyekundu ile ile. Usingoje upana wa mtu kupita. Na ukishaufunga, usiufungue tena. Hata uitwe na nani, usifungue."

"Kuna nini mle ndani, mzee?"

"Binti yangu, mimi ni mchoraji kama wewe. Nilipaka tu."

Aliporudi nyumbani, Kasuku hakuwepo. Mlango ulikuwa wazi. Alimkuta hotelini, amesimama chini ya nembo, uso juu, anatabasamu. Hakumbuki alivyofika, alisema. Alikuwa anabishiwa hodi, akaenda kufungua.

"Shika ngazi," Fundi alisema. Sauti haikuwa yake. "Shika, na uongee. Usinyamaze hata kidogo, umesikia? Niambie chochote."

"Leo unataka niongee?" Kasuku alishangaa. "Maajabu."

Akaanza. Fundi akapanda.

Ufa ulikuwa umefika upana wa kiganja.

Na haukuwa rangi tena. Alisogeza mkono, baridi ikampiga vidoleni. Upepo ulikuwa unatoka. Mle ndani mlikuwa na mwanga wa dhahabu, zulia, korido ndefu, milango, milango... na ile harufu. Zege lilikuwa wapi? Tangi la maji lilikuwa wapi?

Hakutazama zaidi. Alichovya brashi, akaanza juu.

Chini, Kasuku alikuwa akisimulia habari za rafiki yake aliyedondosha daftari chooni. Fundi alipaka. Nyekundu ilishika juu ya hewa tupu, ikawa ukuta. Robo. Nusu. Jua liligusa paa za majengo ya ng'ambo. Jasho lilimwingia machoni, na hakulifuta. Alikuwa anamwomba Mungu kwa maneno yasiyo na mpangilio, mwanangu tu, mwanangu tu.

Ikabaki nafasi ya kupitisha mkono.

Kimya.

"Kasuku?"

Alichovya tena brashi.

"Kasuku! Upo?"

"...Nipo, Mama."

Sauti ilitoka chini. Ilitoka chini, angeapa. Jua lilikuwa linamalizikia, hakuwa na nafasi ya kugeuka. Akakokota brashi mara ya mwisho, kutoka juu hadi chini.

Ufa ukafungika.

"Mama!" Kasuku alipiga kelele ya furaha. Fundi aligeuka. Mwanawe alikuwa pale chini, mkono mmoja kwenye ngazi, mwingine ameuinua. Ukucha ulikuwa safi kabisa. "Mama, imetoka! Imetoka yenyewe!"

Fundi aliegemeza paji la uso kwenye ukuta. Alilia kwa kicheko.

Ko. Ko. Ko.

Ndani ya ukuta. Karibu na sikio lake.

"Mama..." ilinong'ona sauti ya Kasuku. "Mbona umefunga?"

Hakumwambia mtu. Angemwambia nani? Meneja alikuja asubuhi yake, akaitazama nembo isiyo na dhahabu, akasema haidhuru, na akachukua makopo yote matatu, hata lililokuwa tupu. Baada ya wiki hoteli ilifunguliwa. Wageni wakaingia na masanduku yao chini ya mlango mwekundu uliofungwa, na hakuna aliyeinua uso.

Nyumbani, Kasuku alikuwa Kasuku. Aliongea tangu kuamka hadi kulala. Alisahau kufunga bomba, aliiba nyama sufuriani, alimwiga mwalimu wa hesabu. Fundi alimchunguza kama anavyochunguza bango la mwenzake, akitafuta kosa. Hakuliona. Na hilo ndilo lililomnyima usingizi, maana hata mtoto wake mwenyewe, wa kumzaa, kuna siku alisahau makosa yake, lakini huyu hakuyasahau hata siku moja.

Alikuwa na swali moja. Kasuku akiwa na miaka sita aliivunja redio ya baba yake, na siri ile waliijua watu wawili tu, yeye na mwanawe. Jioni moja, wakichambua mboga, Fundi aliuliza kama mtu anayepiga soga:

"Hivi ile redio ya marehemu, ulikificha wapi kile kidude kilichovunjika?"

Msichana alicheka. "Ndani ya mto wangu. Nikasema nikikilalia kitaota kingine."

Sawasawa. Kifua cha Fundi kililegea.

Kesho yake magharibi alikwenda hotelini na ngazi, akamwambia bawabu mpya, mtu wa kawaida mwenye kikohozi, kwamba anarekebisha rangi. Akapanda. Akaweka sikio ukutani, akauliza swali lile lile kwa kunong'ona.

Kikaja kilio kidogo, cha mtu aliyechoka kulia.

"Ndani ya mto wangu," sauti ilisema. "Nikasema nikikilalia kitaota kingine. Mama, hapa kuna milango mingi..."

Aliteremka akiwa ameshika kila kidato kwa mikono miwili.

Alirudi kwa Mzee Stensili. Safari hii hakutoa hata shikamoo.

"Wewe ulipofunga," alisema, "uliitwa?"

"Naitwa hadi leo. Kila nikipita mji ule."

"Nani anakuita?"

Mzee alikitazama kidole chake kisicho na ukucha. Alikigeuza huku na huku, taratibu, kana kwamba alikiazima kwa mtu.

"Mimi," alisema.

Fundi alirudi nyuma hadi akagusa mlango wa karakana. Mzee hakumfuata. Aliendelea kusafisha brashi.

Ilipita miezi miwili. Fundi alikuwa akipanda ukuta ule kila alipoweza. Sauti ilikuwa ikisogea mbali. Mwanzoni ilikuwa sikioni, kisha mwisho wa korido, kisha ikawa lazima azuie pumzi ndipo aisikie. Na kila alipotoka kule alikuta chakula kimepikwa, nguo zimefuliwa, na mtoto anayemkimbilia mlangoni kumpokea mkoba. Alimpenda. Hilo ndilo lililomtisha kuliko yote, kwamba alimpenda, na usiku alifunga chumba chake kwa ufunguo.

Kisha kifurushi kikaja. Hoteli ya tano, mji mwingine. Karatasi ya nembo na kopo moja, limezungushiwa kitambaa. Meneja alikuwa ameandika kwa mkono: Wewe tayari umeshaonja, hutatupa shida.

Fundi aliliweka kopo mezani, akakaa mbele yake. Kopo zima. Kwa rangi ile angeweza kuchora mlango popote atakapo, ukutani kwake, jikoni, na safari hii angeuacha wazi. Angeita. Mwanawe angetoka. Au angetoka yule aliyejifunza kulia kwa sauti yake, na huyu aliye jikoni angekuwa ndiye wa kweli tangu mwanzo, na mama yake mwenyewe angekuwa amemletea mgeni ndani ya nyumba. Mzee alisema usifungue. Lakini aliyesema ni mzee yupi?

Jua lilikuwa linashuka. Kidole chake kilikuwa kimeshaanza kukifungua kitambaa.

Kasuku alitoka jikoni na sahani mbili, akiimba. Akaliona kopo. Wimbo ukakatika katikati. Alizishusha sahani mezani moja moja, bila mlio. Kisha akavuta kiti, akakaa mkabala na mama yake, na kwa mara ya kwanza tangu siku ile, akakosa la kusema.

Chumba kilianza kuwa na giza.

"Mama," alinong'ona hatimaye, na machozi yalikuwa yanamtiririka, machozi ya kweli. "Ukifungua... mimi nitakwenda wapi?"